Mumiani: dawa, hofu na kazi ngumu ya kukanusha

Januari 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilitoa toleo la kwanza la Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililochapishwa Dar es Salaam kwa Kiswahili. Serikali ililikusudia lifundishe: kilimo, usafi, afya, habari za dunia. Wasomaji nao walikuwa na yao. Walituma mashairi, habari za miji yao na barua nyingi, na kabla ya mwaka kwisha mazungumzo yakafika kwenye jambo ambalo idara haikulipangia ukurasa. Novemba 1923 gazeti lilibeba barua juu ya mumiani, watu wanaosemekana kukamata wenzao usiku na kuwatoa damu; iliandikwa na mtu aliyejificha nyuma ya jina la Adiyisadiki.

Gazeti la elimu likawa limeingia katika ubishi ambao mpaka leo haujafungwa. Anayesema mumiani wapo huulizwa ushahidi. Anayesema hawapo huulizwa ametumwa na nani.

Ubishi huo una historia ndefu kuliko ukoloni, na sehemu yake ya kwanza haina hofu yoyote ndani yake. Kabla ya kuwa mtu wa kuogopwa usiku, mumiani ilikuwa bidhaa ya dukani. Waajemi waliijua kama lami ya asili inayochuruzika kwenye miamba. Waandishi wa jiografia wa karne ya 10, akiwemo Istakhri, walilitaja pango la Darabgird katika jimbo la Fars, lililokuwa likifunguliwa mara moja kwa mwaka chini ya ulinzi, na kilichokusanywa humo kikapelekwa kwa mtawala. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliihesabu miongoni mwa dawa za mifupa iliyovunjika na viungo vilivyopooza. Ilikuwa adimu na ya bei kubwa, na kitu adimu chenye wanunuzi wengi hakikosi mbadala.

Mbadala ulipatikana Misri. Maiti za kale zilizohifadhiwa makaburini zilikuwa na vitu vyeusi vyenye kunata, utomvu na lami, hasa ndani ya fuvu na tumbo. Machoni pa mfanyabiashara vilifanana na dawa ya Uajemi, basi vikakwanguliwa na kuuzwa kwa jina lile lile. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyeitembelea Misri karibu na mwaka 1200, aliandika kwamba alinunua vichwa vitatu vilivyojaa kitu hicho kwa nusu dirhamu. Alijua vizuri kwamba mumiani ya mlimani ni kitu kingine.

Wauza dawa wa Ulaya walikwenda mbali zaidi. Kwao si lami tu iliyokuwa dawa, bali nyama yenyewe ya maiti, iliyokaushwa na kusagwa, ikanywewa na walioanguka, waliovilia damu na wenye kikohozi. Biashara ilipokua kupita idadi ya maiti za kale, zikaanza kutengenezwa mpya. Guy de la Fontaine, tabibu wa mfalme wa Navarre, alifika Alexandria mwaka 1564 na kuoneshwa rundo la maiti na mfanyabiashara mmoja, ambaye alikiri bila haya kwamba amezitengeneza mwenyewe katika miaka michache iliyopita, bila kujali waliokufa walikuwa nani au waliuawa na ugonjwa gani.

Habari hiyo iliwekwa kitabuni na mmoja wa wakanushaji mashuhuri wa dawa za uongo, Ambroise Paré, daktari wa upasuaji wa wafalme wa Ufaransa. Mwaka 1582 alichapisha kitabu kilichozungumzia, pamoja na mambo mengine, mumiani na pembe ya nyati wa hadithi mwenye pembe moja, ambayo matajiri waliitumbukiza kwenye vinywaji wakiamini inaondoa sumu. Paré hakutegemea kejeli. Alisema ameitumia mumiani kwa wagonjwa wake mara nyingi na hakuona faida. Alichoona ni maumivu ya tumbo, matapishi na harufu mbaya ya kinywa. Ile pembe pia aliijaribu, na haikufanya kazi iliyosifiwa.

Wasomaji wakawaka. Mwaka uliofuata likatoka jibu lisilo na jina la mwandishi, likimshambulia kwa kuthubutu kuidharau pembe. Hoja yake kubwa haikuwa kwamba majaribio ya Paré yalikosewa. Ilikuwa kwamba wakubwa wa zamani waliikubali, wafalme waliinunua, na hakuna sababu ya mtu mmoja kuwapinga wote. Paré alijibu mwaka 1584, akashikilia kwamba ukweli haupimwi kwa wingi wa wanaokubaliana. Pamoja na hayo, dawa iliendelea kuuzwa. Mwaka 1924, mwaka mmoja tu baada ya barua ya Adiyisadiki, kampuni ya Merck ya Ujerumani bado iliiorodhesha mumia ya Misri miongoni mwa bidhaa zake, na bei yake ikiwa imeandikwa.

Jambo hilo linafaa kukumbukwa kabla ya kumcheka mtu wa pwani. Aliyesema Mombasa au Zanzibar kwamba Wazungu wana dawa iliyotokana na mwili wa binadamu hakuwa amebuni yote. Dawa kama hiyo ilikuwepo, ikiuzwa hadharani, na Wazungu ndio waliokuwa wakiila.

Ilivyofika pwani ya Afrika Mashariki si ajabu. Majahazi yaliyoleta tende, mazulia na manukato kutoka Ghuba na India yalileta pia dawa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza mumiani kama kitu cheusi kinachofanana na gundi, kinachotumiwa na baadhi ya Waarabu, Wahindi na Waswahili kwa mkakamao wa misuli, homa ya baridi na mifupa iliyovunjika. Hupakwa nje, au huyeyushwa kwenye samli na kunywewa. Kamusi hiyo hiyo inaongeza kwamba wenyeji wengi wanaamini ni damu ya watu waliouawa iliyoganda, na kwamba uvumi wa kutafutwa kwa mumiani ukianza mjini, watu hujaa hofu na ni nadra kutoka nyumbani baada ya jua kuzama.

Imani hiyo haikuletwa na magavana. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliitaja katika kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake: wenyeji, aliandika, wanadhani Wazungu hutengeneza dawa hiyo kwa damu ya binadamu. Mwaka 1882 hakukuwa bado na Afrika Mashariki ya Wajerumani wala Kenya ya Waingereza. Palikuwa na mabalozi, wamisionari, wapelelezi wa mito na milima, na manowari zilizokamata majahazi ya watumwa. Palikuwa pia na kumbukumbu mbichi ya watu waliochukuliwa na hawakurudi.

Ukoloni ulipokuja, uliikuta hofu hiyo na kuilisha. Katika Uganda, ugonjwa wa malale uliua watu zaidi ya laki mbili katika miaka ya kwanza ya karne ya 20. Robert Koch, mtaalamu mkubwa wa vijidudu kutoka Ujerumani, alipiga kambi katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907. Wagonjwa walitolewa damu na majimaji ya tezi za shingo ili yapimwe kwa hadubini, kisha wakachomwa sindano za atoksili, dawa yenye arseniki. Baadhi ya waliopewa dozi kubwa walipofuka. Kwa daktari hayo yalikuwa majaribio. Kwa jamaa aliyemwongoza kipofu wake kurudi kijijini yalikuwa kitu kingine kabisa.

Kisha ikaja Vita ya Kwanza ya Dunia. Majeshi ya pande zote mbili yalihitaji wapagazi, na makumi ya maelfu ya watu walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu wakibeba mizigo ya vita isiyowahusu. Mtaa wa Kariakoo wa Dar es Salaam na ule wa Kariokor wa Nairobi inabeba jina la kikosi chao mpaka leo. Adiyisadiki aliandika miaka mitano tu baada ya vita hiyo kwisha. Habari ya watu kukamatwa na kutumiwa hadi kufa haikuhitaji kusafiri mbali kumfikia msomaji wa Mambo Leo.

Kati ya vita vya kwanza na vya pili hadithi ilibadili mavazi kila ilipokwenda. Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa mumiani au chinjachinja. Nairobi na Kampala walitajwa wazimamoto, na Kenya kulikuwa na kachinja. Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliogopwa banyama. Katanga, kwenye Kiswahili cha migodini, batumbula. Kiini hakikubadilika: kuna watu wanaolipwa kukamata Waafrika usiku, damu inatolewa, inakwenda kwa Wazungu.

Kwa nini wazimamoto? Katika mji wa miaka ile, kikosi cha zimamoto kilikuwa kitu kigeni kuliko polisi. Kilikuwa na gari, mipira mirefu na watu wenye sare walioshinda na kukesha wakisubiri, ilhali moto mkubwa ulikuwa wa nadra na nyumba za Waafrika zikiungua mara nyingi hakuna aliyefika. Mtu alikuwa na haki ya kuuliza wale watu hulipwa mshahara kwa kazi gani.

Serikali ilikanusha. Ilikanusha kwa matangazo, kwa maafisa wa wilaya kuitisha mikutano, kwa magazeti, na wakati mwingine kwa mahakama. Matokeo hayakuwa mazuri. Juni 1947, mjini Mombasa, umati ulikivamia kituo cha zimamoto kwa sababu ya uvumi wa kunyonya damu, na gazeti la East African Standard likaandika habari hiyo. Mwaka 1959, ikiwa imebaki chini ya miaka mitatu Tanganyika ipate uhuru, ghasia za mumiani zilizuka Buguruni, Dar es Salaam, na askari polisi akauawa. Zaidi ya miaka 35 ya Mambo Leo, shule, zahanati na makanusho ilikuwa imepita kati ya barua ile ya 1923 na siku hiyo.

Ni rahisi kusema watu hawakuelimika. Lakini kasoro kubwa ilikuwa ya kanusho lenyewe. Kwanza, lilitoka kwa mtuhumiwa. Serikali iliyosema hakuna anayechukua damu ndiyo iliyotuma watu kijijini na sindano, bila kueleza damu inakwenda wapi na matokeo yatarudi lini. Mambo Leo, pamoja na sifa zake zote, lilikuwa gazeti la idara ya serikali. Msomaji alijua sauti ya nani inazungumza. Pili, lilijibu swali ambalo halikuulizwa. Watu waliuliza nani anafaidika na miili yetu. Wakajibiwa kwamba hadithi ya damu si ya kweli. Tatu, lilidharau. Afisa aliyecheka alikuwa ameshamaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Mwanahistoria Luise White, aliyezungumza na wazee wengi wa Kenya na Uganda na kuchapisha kitabu juu ya uvumi huu mwaka 2000, alichagua njia nyingine. Hakutafuta kama wanyonya damu walikuwepo. Aliuliza hadithi hizi zinasema nini kuhusu kazi, mshahara, hospitali na mji wa kikoloni, na akaonesha kwamba simulizi isiyo ya kweli inaweza kubeba habari za kweli. Kazi yake imewasaidia wasomi sana. Hata hivyo inabaki nusu ya pili ya jambo, ambayo mwanahistoria ana nafasi ya kuiacha lakini mwanakijiji hana: uvumi wa mumiani huua, na wanaokufa si wakoloni.

Angalia nani aliyeumizwa katika matukio haya. Askari wa Buguruni hakuwa gavana. Wazimamoto waliovamiwa Mombasa hawakuwa wamiliki wa mashamba. Hofu ilianza kama lawama dhidi ya wenye nguvu, lakini mkono wa umati humfikia aliye karibu: mgeni, mfanyakazi wa serikali wa ngazi ya chini, mtu anayepita na gari lisilojulikana.

Oktoba 1, 2016, jambo hilo lilithibitika kwa namna ya kutisha. Watumishi watatu wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, wakiwemo watafiti na dereva wao, walifika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Kazi yao ilikuwa udongo. Wakadhaniwa kuwa wanyonya damu, umati ukakusanyika, wakauawa na miili yao kuchomwa moto pamoja na gari. Ukoloni ulikuwa umeondoka karibu miaka 55 kabla ya siku hiyo. Watafiti walikuwa Watanzania, wakifanya kazi ambayo faida yake ingerudi kwa wakulima wa Tanzania.

Taifa lilishtuka, na kauli zilizofuata zilifanana mno na zile za miaka ya 1920: wananchi waache imani potofu. Kauli hiyo ni sahihi na haisaidii. Anayeambiwa aache imani potofu hajapewa njia ya kutofautisha gari la mtafiti na gari la mhalifu, na vijijini wahalifu wenye magari wapo. Kinachompa njia ni mambo ya kawaida kabisa: ofisa mtendaji wa kijiji kupata taarifa mapema, mwenyekiti kumtambulisha mgeni kwenye mkutano, barua ya utambulisho kuonekana, na mtafiti kueleza kwa lugha ya wenyeji anachukua nini, kwa nini, na majibu yatarejeshwa kwa nani.

Wapo wanaoona kwamba hofu hii haiponi, kwamba imekaa ndani ya Mwafrika kama damu yenyewe. Historia ya hivi karibuni inawapinga. Nairobi, mji uliosimulia habari za wazimamoto kwa miongo mingi, ulilipuliwa Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani, na wakazi wake wakapanga foleni kutoa damu kwa ajili ya watu wasiowajua. Walifanya hivyo tena Septemba 2013, baada ya shambulio la Westgate, pale maelfu walipojitokeza Uhuru Park na kwingineko wakikunja mikono ya mashati. Tanzania, mpango wa taifa wa damu salama umejengwa juu ya wachangiaji wa hiari, wengi wao wanafunzi wa sekondari. Vijukuu wa watu waliojifungia ndani jua likizama wananyoosha mkono wapigwe sindano, kisha wanapewa soda na biskuti.

Hao hawakubadilishwa na tangazo lililosema mumiani hawapo. Walibadilishwa na mambo waliyoyaona: chupa ya damu yenye lebo, muuguzi anayejulikana mtaani, ndugu aliyejifungua salama kwa sababu damu ilikuwepo, na uhuru wa kukataa. Swali la zamani, nani anafaidika, lilipata jibu linaloonekana kwa macho. Pale ambapo jibu halionekani, swali hubaki na uvumi hulijaza.

Hii ndiyo njia aliyoijua Paré karne nne zilizopita. Aliitumia dawa, akaeleza alichokiona, akamtaja aliyeshuhudia Alexandria, na alipojibiwa kwa hasira alirudi na maelezo, hakunyamaza wala kutukana. Hakushinda katika uhai wake. Lakini aliyemsoma kwa makini aliweza kupima mwenyewe, na kwa hilo alimpita mkuu wa wilaya aliyeita mkutano, akatangaza kwamba watu ni wajinga, akapanda farasi na kuondoka.

Waandishi, walimu na madaktari wanaopambana leo na dawa za miujiza, sindano zinazosemekana kuhasi watu na ujumbe wa kutisha unaosambazwa kwenye simu wamerithi kazi ile ile, pamoja na majibu yale yale ya wasomaji: ametumwa na nani, analipwa na nani, wakubwa wetu wote wamekosea yeye tu ndiye anajua? Maswali hayo yanaudhi, lakini mawili ya kwanza ni ya haki na yanastahili majibu kamili. Taja anayekulipa. Eleza ulijuaje. Rudisha matokeo kwa waliotoa sampuli, na ukiingia kijiji cha watu kwa utafiti wowote, uwe wa damu, maji au udongo, anzia kwa mwenyekiti na mkutano wa kijiji kabla ya kushusha vifaa kwenye gari.